Sangara, Furu na Miraba ya Fumbo: Nani Bawabu wa Maneno ya Kiswahili?

Chini ya miraba ya fumbo la maneno, mahali ambapo jicho la msomaji halifiki upesi, aghalabu huandikwa sharti moja fupi: maneno ya kigeni hayakubaliwi. Wengi hulipita bila kulitia maanani, kwa kuwa waliona ni jambo la mchezo, na mchezo ni mchezo. Mimi naliona ni jambo la sheria, na sheria yenyewe ni mbovu. Nakusudia kuonyesha hapa mambo matatu: kwamba wanaoliandika sharti hilo hawalifuati wala hawawezi kulifuata; kwamba anayeumizwa nalo si Mwarabu, si Mreno wala si Mwingereza, bali ni Mjita, Mkerewe na Mzanaki; na kwamba kipo kipimo kingine, cha haki zaidi, ambacho lugha yenyewe imekuwa ikikitumia tangu zamani bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Tulichukue sharti hilo kama lilivyo. Mtungaji aliyeapa kutotumia neno la kigeni hataweza hata kuyahesabu maswali yake. Akishafika la tano atakwama, kwa sababu sita na saba ni Kiarabu. Atapata pumzi katika la nane, atakwama tena katika la tisa, na kuibuka katika la kumi. Ataniambia kwamba wahenga walikuwa na mtandatu, na fungate, na kenda. Walikuwa nayo, na ni maneno mazuri. Basi ayatumie kununulia samaki sokoni tuone atarudi na samaki wangapi. Hatakuwa na herufi za kutia katika miraba, kwa kuwa herufi ni neno la Kiarabu, wala kamusi ya kumsaidia, wala lugha ya kuandikia. Hataweza kusema kwamba jibu ni sahihi au ni halali. Hatakuwa na meza, kwa maana meza tumeipata kwa Wareno pamoja na bendera, leso, gereza na karata. Ngome ya Yesu iliwatoka Wareno mwaka 1698, lakini meza zao tungali tunakula juu yake. Bandari ataikosa, kwani ni Kiajemi, na gari ataliacha kwa Wahindi. Na akiwa mkweli hadi mwisho, ataona kuwa hata jina la lugha anayoilinda lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya pwani. Bawabu huyu amesimama mlangoni kumzuia mgeni, na ubawabu wake wenyewe ni wa kukopa.

Anapobanwa hivyo, mtungaji hubadili hoja. Husema kwamba hayo ni ya zamani na yamekwisha zoeleka. Yanayokataliwa ni mapya. Swali langu ni moja: mapya tangu lini? Mwaka 1904 Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika waliigawa rupia yao katika heller mia moja. Haikupita hata miaka 15 utawala ule ukavunjika katika Vita Kuu ya Kwanza. Sarafu zikaondoka pamoja na wenyewe, lakini hela ikabaki, na leo hakuna mtunga fumbo atakayeikataa katika swali la "fedha" lenye miraba minne. Neno lile halikungoja karne lipewe hati. Liliingia sokoni, likapata ngeli, likakaa. Ikiwa muda huo mfupi uliitosha hela, kwa nini meseji, iliyomo mkononi mwa kila mwenye simu kwa zaidi ya miaka 20, iambiwe bado ingoje?

Tena hoja ya umri haiwezi kuamua hata ugomvi mdogo kabisa, ambao wasomaji wa jarida hili la visiwani wanaujua vizuri. Chukua swali hili: mahali watoto wanapofundishwa, miraba mitano. Mtu wa Unguja ataandika skuli; mtu wa Kibara ataandika shule. Yote mawili yana herufi tano, yote yanaanza na S, yote yana U katika mraba wa tatu na L katika mraba wa nne. Ikiwa maneno ya kukatiza hayapiti katika mraba wa pili wala wa tano, kila mmoja atalala akijua ameshinda, mpaka majibu yatoke. Skuli limetoka Kiingereza na shule limetoka Kijerumani. Nani mzawa kati yao? Hakuna. Na anayesema kwamba skuli halifai kwa sababu ulimi wa Kiswahili haupendi konsonanti mbili za namna ile zigusane, aniambie amelifanya nini neno labda, na kabla, na daftari, ambayo hakuna aliyewahi kuyanyima mraba.

Kimbilio la tatu ni kamusi: kama neno halimo kitabuni, si neno. Hoja hii ina nguvu kuliko zilizotangulia, kwa kuwa mchezo unahitaji mwamuzi, na mwamuzi anahitaji mahali pa kushika. Wala siidharau kamusi. Mimi niliyejifunza fasihi bila mwalimu nimezisoma kamusi kama wenzangu wanavyosoma riwaya, ukurasa kwa ukurasa, na kazi yangu ya kufasiri isingekwenda hatua moja bila ya hizo. Lakini tukumbuke zilivyotoka. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson ikachapwa mwaka 1939. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, ikatolewa upya mwaka 2004 na mwaka 2013. BAKIZA nalo likatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na BAKITA likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Kila moja imetia maneno ambayo iliyotangulia haikuwa nayo. Je, maneno hayo yalizaliwa siku kitabu kilipotoka mtamboni? Yalikuwa yakisemwa miaka na miaka, na aliyeyasema hakuwa akisema upuuzi. Kamusi ni shahidi, si hakimu. Na shahidi husema aliyoyaona, naye hakuyaona yote. Mtu wa Makunduchi analijua hilo kuliko mimi. Anaishi katika kisiwa kilekile kilichotoa Kiswahili Sanifu, lakini Kikae chake hakikualikwa Mombasa.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili kwetu si la mzaha. Kibara iko upande wa Mwibara, wilayani Bunda, kando ya Ghuba ya Speke. Hapa nyumbani watu husema Kijita, Kikerewe, Kisukuma na lugha nyinginezo, na wanapokutana husema Kiswahili. Katika shindano moja la wanafunzi lililochezwa hapa, kwa herufi zilizoandikwa juu ya vizibo vya soda, binti mmoja alipanga neno mwalo. Mwamuzi akalifuta, akasema, "Hilo si Kiswahili, hilo ni lugha ya kabila." Katika zamu iliyofuata mshindani wake akapanga parafujo, akapewa alama zote, kwa sababu mwamuzi alilikuta kitabuni. Katika chumba kile hapakuwa na kijana hata mmoja aliyewahi kukiita kitu hicho parafujo. Wote husema skrubu. Na skrubu nalo lingepangwa, lingefutwa, kwa kuwa ni Kiingereza.

Mwalo ni mahali ufukweni ambapo mitumbwi huegeshwa na samaki hushushwa. Neno limetoka katika lugha za kandokando ya ziwa. Hilo halina ubishi. Lakini limekwisha toka huko. Mjita humwambia Msukuma wakutane mwaloni, Mkurya aliyekuja kununua dagaa akawakuta, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Maofisa wa uvuvi huandika mwalo na mialo katika taarifa zao. Jijini Mwanza, soko kubwa la samaki la Kirumba linaitwa Mwaloni, na jina hilo limo katika hati za serikali na katika midomo ya makondakta wa daladala. Neno hili limepata ngeli ya M-MI, limepata wingi, limepata kiambishi cha mahali. Mwalo umefungwa, mialo imefungwa, twende mwaloni. Limebakiwa na deni gani tena? Limebakiwa na kukubaliwa na mtu ambaye pengine hajapata kununua samaki ziwani.

Na binti yule alijifunza nini siku ile? Hakujifunza kwamba amekosea tahajia, kwa maana hakukosea. Alijifunza kwamba neno la baharia wa Kireno, aliyeondoka pwani zaidi ya miaka 300 iliyopita, lina haki katika Kiswahili kuliko neno la baba yake, anayerudi kila alfajiri na mtumbwi wa dagaa. Mtoto aliyefundishwa hivyo mara tano au mara kumi huanza kukiona Kiswahili kuwa nyumba ya watu wengine, ambamo yeye ni mpangaji. Hapo ndipo mchezo unapoacha kuwa mchezo.

Mkoa wetu wa Mara unao ushahidi mwingine, mkubwa kuliko huo. Mwalimu Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alipouacha urais mwaka 1985, tendo lake halikuitwa kujiuzulu wala kustaafu. Liliitwa kung'atuka, neno lililochukuliwa katika Kizanaki. Kujiuzulu na kustaafu yalikuwapo, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, lakini hayakutosha. Anayejiuzulu hudhaniwa ana kosa au ana kinyongo. Anayestaafu amefikishwa na umri. Anayeng'atuka anampisha mwenzake kwa hiari yake. Palikuwa na pengo, neno likaliziba. Aliyepishwa alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Zanzibar, kwa hiyo neno lilivuka bahari siku zile zile. Leo magazeti ya pande zote mbili za Muungano huandika ang'atuke, amegoma kung'atuka, wamemng'atua. Sijapata kumwona mtunga fumbo aliyelikataa neno hilo, ingawa wapo wanaogombana kama ng' ikae katika mraba mmoja au miwili.

Tazama basi sharti lilivyo likivuliwa joho. Neno la Kizanaki likisemwa na rais, ni Kiswahili. Neno la ziwani likisemwa na mvuvi, ni lugha ya kabila. Wala ng'atuka haliko peke yake. Istilahi ya ngeli, ambayo wanasarufi wetu hawawezi kufungua kinywa bila ya kuitaja, ilichukuliwa katika Kihaya, ng'ambo ya ziwa hili hili. Kitivo cha chuo kikuu kimetoka katika lugha za milima ya kaskazini mashariki, ambako kilikuwa ardhi yenye rutuba. Wataalamu walipotaka maneno ya bara waliyachukua, na walifanya vyema. Wavuvi walipotaka neno la bara walilichukua pia. Tofauti ni kwamba wavuvi hawana semina.

Najua jibu litakalotolewa, nami nitalitoa mwenyewe kwa nguvu zake zote, maana si jibu la kijinga. Ziwa letu lina mfano wake. Katika miaka ya 1950 na 1960 alipandikizwa humu sangara, samaki mkubwa mla samaki, ambaye hakuwa wa ziwa hili. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza furu kwa wingi, wale samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina, na aina nyingi kati ya hizo hazikuonekana tena. Mtetezi wa sharti atasema: Kiingereza ndicho sangara. Kimeingia na fedha, na ofisi, na simu. Mkikifungulia mlango hata katika mchezo, kesho hapatabaki furu.

Hofu hiyo naikubali, na mfano naukubali. Lakini aliyeutoa aumalize. Katika mfano huu, furu ni nani? Si sita wala meza. Hayo hayana hatari yoyote. Furu ni mwalo. Furu ni nembe na gogogo na majina mengine ya samaki ambao watoto wa Dodoma hawawajui. Furu ni furu lenyewe, neno la herufi nne, lenye jina la kiumbe anayetoweka. Ni hazina ya maneno ambayo Kijita, Kikerewe na Kizanaki vingeweza kukipa Kiswahili kabla ya wazee kuondoka nayo. Sharti linaloyakataa ya kigeni na ya kikabila kwa pumzi moja halimzuii sangara. Yeye ana milango yake mingine: huingia kwa mikataba, kwa matangazo ya biashara, kwa masomo ya sekondari. Hatishiki na mstari ulioandikwa chini ya miraba. Sharti hilo ni wavu wa matundu madogo, na unaowanasa ni furu waliobaki.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa tunachokiona kutoka upande wetu huu, aliimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Alingoja miaka 35 kuiona katika Kiswahili, tena kwa tafsiri yake mwenyewe, iliyotoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Nani atasema kwamba Kiswahili kilipungukiwa siku kitabu kile kilipoingia? Waingereza, ambao tunawaogopa, hawana hofu ya namna hii. Safari na bwana yamo katika orodha yao ya maneno halali ya mchezo wa Scrabble. Hawakutuomba ruhusa, wala hawakuuliza kama safari tuliipata kwa Waarabu. Lugha yao imekopa katika kila bandari waliyotia nanga, na haijafa kwa kukopa.

Wala sisemi mlango uachwe wazi usiku kucha. Kipimo ninachokitaka ni sarufi, ikisaidiwa na masikio ya watu. Neno likubaliwe katika miraba likitimiza mambo matatu. Kwanza, litamkike na kumalizika kwa sauti za Kiswahili. Pili, kama ni jina, liwe na ngeli na lilete upatanisho. Kama ni kitenzi, lipokee viambishi na linyambulike. Tatu, lieleweke bila ya kufasiriwa kwa watu wa lugha za nyumbani zaidi ya moja. Asili ya neno, umri wake na cheo cha anayelisema visiingie kabisa katika hukumu.

Kwa kipimo hiki mwalo linapita. Skrubu linapita, na sitaki parafujo litupwe; nataka lipate jirani. Karabai, taa inayowavuta dagaa usiku wavuliwe, linapita, ingawa jina lake ni la kemikali ya Kizungu. Chaji linapita, kwa maana simu inachajiwa. Kule Kenya mbuta na omena, yaliyotoka katika Kijaluo, yanapita kama sangara na dagaa yanavyopita kwetu, na mwenye swali la samaki wadogo wa ziwani wenye miraba mitano ajue kwamba ana majibu mawili ya haki. Feli linapita pamoja na fuzu. La kwanza ni Kiingereza na la pili ni Kiarabu. Anayelikubali moja na kulikataa la pili yake amewaruhusu wanafunzi wetu kufuzu na kuwakataza kufeli, jambo ambalo wizara yoyote ya elimu ingelipenda.

Lakini kipimo hiki kina makali pande zote mbili. Kansel halipiti: limekatika ghafla kama kamba. Enjoi halipiti: hebu jaribu kulitendesha na kulitendea. Yale maneno ya Kiarabu ambayo sisi washairi huyaokota katika vitabu ili vina vitimie, na ambayo hata jirani yetu hayajui, hayapiti pia. Yatengenezewe fumbo lao la kishairi, na mimi nitakuwa wa kwanza kulijaza. Na maneno ya Kijita ambayo Mjita peke yake huyaelewa, nayapenda kwa moyo wote, lakini yasubiri mpaka Msukuma ayaazime.

Wataniambia kipimo cha namna hii kitachelewesha mchezo. Hakitachelewesha. Neno likibishiwa, mchezaji aliyelipanga atunge sentensi mbili, moja ya umoja na moja ya wingi, au atoe mnyambuliko wa aina tatu kama ni kitenzi. Kisha mtu mmoja wa lugha nyingine ya nyumbani aseme maana yake. Dakika moja inatosha. Mhariri wa gazeti naye achape majibu yote yanayofaa, skuli na shule bega kwa bega, badala ya kumwacha msomaji wa upande mmoja wa bahari ajione mjinga. Na ng' iwe mraba mmoja, kwa kuwa ni sauti moja. Hilo vijana wa vizibo vya soda wa Kibara walikwisha liamua zamani.

Nawaomba basi wanaosimamia mashindano na kurasa za mafumbo walifute lile sharti la mstari mmoja. Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa UNESCO, uliitangaza mwaka 2021 tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka siku hiyo tunajisifu kwamba lugha yetu ni ya wote. Wote hao ni pamoja na binti wa Mwibara. Arudishiwe alama zake za mwalo. Na atakayeendelea kulikataa neno lake kwa sababu limetoka kwa watu wengine, namwomba jambo dogo tu: ahesabu mbele yetu kuanzia tano kwenda mbele, tumsikilize.